Haya Haifungi Mlango wa Kazi

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Dada zangu, hapa Gitega mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu aliniuliza baada ya darsa: "Nyumbani wanasema mwanamke akifanya kazi haya humtoka. Niache masomo?" Nilimjibu asiache, na dalili yangu ni Surat Al-Qasas, aya ya 23 hadi 28.

Nabii Musa alipofika kwenye kisima cha Madyan aliwakuta mabinti wawili wakizuia mifugo yao hadi wachungaji waondoke. Baba yao alikuwa mzee, kazi wakaibeba wao. Baadaye mmoja alimwendea Musa akitembea kwa haya, akafikisha ujumbe wa baba yake waziwazi. Kisha mmoja wao akamshauri mzee wao amwajiri Musa, kwa kuwa mwajiriwa bora ni mwenye nguvu na mwaminifu. Mabinti hao walikuwa na haya, walifanya kazi, na rai yao ilisikilizwa. Basi haya ni namna ya kutembea, si amri ya kukaa kimya.

Bibi Khadija (R.A.) naye alimkabidhi Mtume mali yake ya biashara ya Sham kwa kuwa alimjua kuwa mkweli na mwaminifu. Bibi Shifaa bint Abdillah (R.A.) alijua kuandika zama ambazo wajuzi wa kalamu walikuwa wachache, akamfundisha Bibi Hafsa, mke wa Mtume.

Tukija karibu, Rais Samia Suluhu Hassan alianza kazi Zanzibar mwaka 1977 akiwa karani. Aliolewa mwaka 1978, na bado akaenda kusoma utawala Mzumbe miaka ya themanini. Tarehe 19 Machi 2021 aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania. Na kwetu Burundi, Hafsa Mossi alikuwa mwanahabari wa BBC, akawa waziri, kisha mbunge wa Bunge la Afrika Mashariki, hadi alipouawa Bujumbura Julai 2016.

Tuchukue nini kwao? Kwanza, nguvu: maliza masomo na uijue kazi yako barabara, hata ukianzia ukarani. Pili, uaminifu: cheti kilichopatikana kwa kuibia mtihani ni khiyana, na mgonjwa au mteja wako ndiye atakayeilipia. Tatu, wazazi wakikataa, usiwapandishie sauti. Zungumza nao kwa adabu, na umwombe shangazi au imamu wanayemheshimu akusemee. Nne, akija mchumba, suala la masomo na kazi lizungumzwe mapema, walii akiwepo, na lisiachwe hadi baada ya nikaha. Tano, mfundishe mdogo wako, kama Shifaa alivyofanya.

Na nyinyi kaka zetu, Musa aliwanyweshea mabinti wale mifugo yao, kisha akaenda zake kivulini. Hakuwakemea kwa kutoka nyumbani. Dada yako akiwa kisimani, msaidie.

Ewe Mola wetu, tupe elimu yenye manufaa, riziki ya halali, na haya isiyotuzuia kutenda kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.