Ngozi ya Ngoma na Mizani ya Jaji

Afapo jaji aliyeheshimiwa, waombolezaji huanza kwa kutaja hukumu zake, lakini hawakawii kuhamia shambani kwake. Utasikia alivyopenda kutembea porini, alivyojichongea vigoda, alivyopanda miti kwa mkono wake mwenyewe. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini habari hizi hutufariji. Je, mpenda shamba na ufundi huwa mwamuzi bora, au tunamsifu tu kwa sababu amefanana na sisi?

Nadhani jibu limo katika kupingwa. Jaji akiingia mahakamani watu husimama; akisema, hunyamaza. Ni hatari mtu kuishi hivyo miaka mingi. Shamba halijui cheo. Hapa kwetu Kiwangwa nanasi huchukua mwaka na zaidi, tangu kupanda chipukizi hadi kuvuna tunda, na hakuna amri ya kulihimiza. Mpingo nao haumwogopi mkubwa: mchongaji asiyeusoma mti kwanza atakipasua kinyago chake. Anayeshinda na vitu hivyo hujifunza kwamba kila kitu kina hali yake kabla yeye hajakifikia.

Hata hivyo, mkono peke yake hautoshi. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, majembe yalipata heshima mpya shuleni na vyuoni. Katika miaka yangu ya kufundisha walimu niliwaona vijana waliopalilia bustani kwa upole mkubwa, kisha wakaingia darasani kumfokea mtoto mzito wa kuelewa. Subira yao waliiacha shambani pamoja na jembe.

Wahenga walinena: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Lakini fundi wa ngoma, na Bagamoyo tunao, anajua kwamba ngozi iliyovutwa upande mmoja haitoi sauti nzuri. Huivuta kidogo huku, kidogo kule, akiisikiliza. Hiyo ndiyo kazi ya jaji.

Namkumbuka hapa Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu. Mwaka 1990, huko Mwanza, aliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka bila mtu wa kumtunza, mwanamke huyo aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akadai kwamba kwa mila mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alisema ubaguzi huo unapingana na haki zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984; mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Lakini hakuuacha ukoo mikono mitupu. Kama mwanamume angeuza, ukoo ungeweza kulikomboa shamba. Basi na mpwa naye alipewa miezi sita alikomboe kwa kurudisha bei ileile, shilingi 300,000. Ngozi ilivutwa pande zote.

Kazi ya fundi pia huweza kufumuliwa na mwingine. Mwaka 1994 jaji huyohuyo alitamka kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini ikaamua kwamba Katiba inairuhusu. Adhabu hiyo ingali katika sheria zetu. Je, jaji alipoteza kazi yake bure? Sidhani. Neno «ukatili» limeandikwa na mahakama ya juu kabisa, na halifutiki.

Nayasema haya kwa sababu mizani haiko mahakamani tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka baraza la watu saba, wanawake wasiopungua watatu, kusuluhisha migogoro ya ardhi kijijini. Wengi wa wanaoketi humo ni wakulima na mafundi. Mikono yao inaijua subira tayari. Siku mjane asiye na ndugu atakapoletwa mbele yao, na aliye upande wa pili akawa jirani mwenye mali na jamaa wengi, hapo ndipo itajulikana kama subira ile imefika moyoni, au imebaki shambani.