Birika Lililosingiziwa

Wapwa zangu, kaeni. Chai inakuja na mihogo iko jikoni, lakini hamtaonja kitu kabla hatujamaliza habari ya kile kibanda cha kinyozi kando ya Barabara ya Mombasa. Nimeambiwa RCD yake, kile kifaa cha kukata stima inapovuja, ilikuwa "inasumbua", ikikata stima kila saa, na mmoja wenu akaing'oa, akaunganisha nyaya moja kwa moja. Kinyozi amefurahi, amelipa, na amewasifu kwa wenzake. Simtaji aliyefanya hivyo, mwenyewe anajijua. Kesho asubuhi atashuka Voi airudishe RCD ile kwa pesa zake, kisha atafute kilichokuwa kinaikatisha.

Mimi pia niliwahi kufanya hivyo, kwa hiyo sisemi kutoka mlimani. Miaka ya themanini, katika jiko la hoteli moja nisiyotaka kuitaja, niliunganisha waya juu ya kifaa cha namna hiyo kwa sababu mpishi mkuu alikuwa na wageni na hakutaka maelezo. Wiki haikuisha. Kijana wa kuosha vyombo alishika sinki kwa mkono mmoja na meza ya bati kwa mkono mwingine. Alipona. Lakini mpaka leo nikimwona sokoni nabadilisha njia, na yeye wala hajui ni kwa nini.

Sasa nisikilizeni habari ya karavani.

Najua mkisikia karavani mnasema hayo ni ya wazungu, sisi yatuhusu nini. Yawahusu. Kibanda cha mabati, kontena la M-Pesa, kibanda cha chipsi na karavani ni ndugu wa tumbo moja: vyote ni chuma kila upande, na stima imepita ndani. Tofauti ya karavani ni magurudumu, na magurudumu ni mpira. Hata ukishusha ile miguu yake ya chuma, mara nyingi mwenyewe ameiweka juu ya vibao ili isizame. Kwa hiyo imesimama pale kama ndege juu ya waya. Waya wa moto ukichunika ndani na kugusa mwili, na athi ikawa imekatika, bati zima linabeba volti 240 na hakuna kinacholia wala kunuka. Taa zinawaka, redio inaimba. Kisha mtoto anatoka kuoga, miguu mibichi juu ya nyasi, ananyoosha mkono kushika kitasa cha mlango.

Karavani waliyokuja kuniitia ilikuwa ya wazee wawili, mtu na mkewe, waliovuka Tanzania nzima wakiikokota nyuma ya Land Cruiser, wakaingilia mpakani Holili na Taveta. Walikuwa wamepiga kambi nje kidogo ya mji wa Voi, upande wa mbuga. Ilikuwa Novemba, mvua za vuli, udongo mwekundu umegeuka uji. Kila wakiwasha birika la umeme, RCD inakata, giza. Friji walikuwa wanaiendesha kwa gesi. Taa ziliwaka, chaja ya betri ilifanya kazi, ila birika tu.

Fundi wa kwanza alibadilisha fyuzi ya plagi ya birika. Fyuzi ilikuwa nzima, lakini alibadilisha. Wa pili akawauzia birika jipya, nalo likakata vilevile. Wa pili huyohuyo akapendekeza dawa ile mnayoipenda nyinyi, kuondoa RCD. Mama yule, Mungu ampe maisha, alikataa. Ndipo wakaniita mimi, nikaenda kwa bodaboda na mkoba wangu.

Kabla ya kugusa chochote niliuliza maswali, na hapa ndipo vijana wengi mnapokosea, kwa sababu mnaona aibu kuuliza. Ilianza lini? Baada ya mvua au kabla? Mkiwa Taveta ilikuwa ikikata? Nini kimezimwa ambacho zamani kilikuwa kikiwashwa? Hilo la mwisho ndilo lililotoa jibu, ingawa mwenyewe sikulitambua wakati ule. Mzee akasema heta ya maji ya kuogea ilianza kukata stima tangu wakiwa Moshi, basi akaishusha breka yake, akaisahau. "Hiyo haimo tena," akasema. "Imezimwa."

Nikaanzia nje, nilikofundishwa kuanzia. Mnajua mama zetu wa hapa Mraru walivyofanya zamani? Magari ya kwenda Voi yalikuwa yakipita hapa yameshajaa, wanaachwa barabarani na mizigo yao. Wangeweza kugombana na makondakta kila asubuhi mpaka leo. Badala yake waliona kwamba shida haianzii hapa wanaposimama, imeanzia huko juu gari linakotoka. Wakachanga kidogo kidogo, na mwaka 1975 wakanunua basi lao wenyewe. Mimi nilishukia Voi kwa basi hilo, kijana na bisibisi mbili mfukoni, kwenda kujifunza kazi. Basi, stima nayo ifuateni hivyo: mahali inapokatikia si lazima pawe mahali ilipoharibikia.

Nilianza na soketi ya kambi. Na kabla ya soketi, mita ya tokeni. Msicheke. Niliwahi kulipa nauli ya kwenda na kurudi Mwatate kumbe mwenye nyumba ameishiwa uniti. Soketi nikaipima: moto na nyutro, 236. Moto na athi, karibu hivyohivyo. Nyutro na athi, volti 2. Vizuri, nyaya hazijageuzwa. Nasema hivyo kwa sababu hapa kwetu kuna nyaya za rangi za zamani, nyekundu na nyeusi, na za sasa, kahawia na samawati, na kuna mafundi wanaozichanganya katika boksi moja kisha wanakisia. Nyaya zikigeuzwa, swichi itakata nyutro na kuacha moto umekaa ndani ya kifaa, na mwenye nyumba ataapa kwamba amekizima. Na ndani ya karavani nyekundu na nyeusi mara nyingi ni za betri, volti 12. Msiziamini rangi. Ile bisibisi yenye kitaa pia msiitegemee peke yake. Itakuambia kuna moto, lakini ikikaa kimya haimaanishi hakuna.

Kisha waya mrefu unaotoka kwenye soketi kuingia karavani. Ulikuwa wa mita 25, nusu yake umezungushwa kama kamba ya ng'ombe chini ya gari, na kiungio chake kimelala kwenye majani mabichi. Nikaukunjua wote. Waya uliozungushwa ukibeba mzigo mkubwa hujipika wenyewe, nimewahi kukuta mmoja umegandamana ukawa mkate. Kiungio nikakikausha, nikakiinua juu ya jiwe. Tukawasha birika. Giza.

Sasa nilikuwa ndani, mbele ya sanduku la breka. Elezeni mbele yangu RCD inafanya nini. Hapana, haipimi wingi wa stima. Hiyo ni kazi ya breka. RCD inahesabu: kiasi kilichotoka kwa waya wa moto, je, kimerudi chote kwa nyutro? Kikipungua miliampia 30, yaani sehemu 30 kati ya elfu moja za ampia, inakata kwa muda usiofika theluthi moja ya sekunde, kwa kuwa kile kilichopungua kimepata njia nyingine ya kwenda chini, na njia hiyo huenda ikawa kifua cha mtu. Ni karani wa stoo. Nyinyi mnamfukuza karani kwa kuwa kila jioni anasema gunia moja halipo.

Birika lilikuwa zima, nilikuwa na hakika, maana mawili hayaharibiki kwa namna moja. Nikachomoa waya kwenye soketi ya kambi, na plagi nikaenda nayo mkononi, nikaiweka pale nilipopiga magoti. Fanyeni hivyo siku zote. Swichi iliyozimwa inaweza kuwashwa na mtu mwema anayetaka kusaidia, lakini plagi iliyo karibu na goti lako haiwashwi na mtu. Nikachomoa kila kifaa, nikatenganisha chaja ya betri ili nisiiue, maana mega, kile kipimo cha kukagua kama waya unavuja, hutoa volti 500 na vitu vya elektroniki havipendi mchezo huo. Nikapima moto na athi: safi. Nikapima nyutro na athi: sindano ikalala kwenye sifuri.

Mmoja wenu ananitazama kama mzee yule alivyonitazama. "Mjomba, si breka ya heta ilikuwa imeshushwa?" Ilikuwa imeshushwa. Lakini ile ilikuwa karavani kuukuu, na breka zake zilikuwa za kukata waya wa moto peke yake. Nyutro ya heta ilibaki imefungwa pamoja na nyutro nyingine zote kwenye kipande kimoja cha shaba. Koili ya heta ilikuwa imepasuka karibu na mwisho wa upande wa nyutro, unga mweupe uliomo ndani umelowa, nyutro ikawa inagusa mwili wa tangi. Taa zikiwaka, stima inayorudi ni ndogo, inayochepuka kwenda athi haifiki kiwango, karani ananyamaza. Birika la wati 2,200 likiwashwa, ampia 9 zinarudi kwa nyutro, na pale kwenye njia panda kidogo chake kinachepukia kwa heta mpaka ardhini. Hesabu haitimii. Giza. Birika lilikuwa linawashwa na pilipili ambayo halikuila.

Kwa hiyo mtu akiwaambia "ni hiki, nikikiwasha tu inakata," mwamini anachokiona, lakini hukumu yake msiichukue. Zitoeni nyutro moja moja kwenye kile kipande cha shaba, huku mega imefungwa, mpaka sindano ipande. Mimi ilipanda kwa waya wa tatu. Nikaufuata kwa kidole chini ya kiti, nyuma ya kabati la sufuria, mpaka kwa heta. Kazi yote, pamoja na maswali, haikuchukua saa mbili.

Niliporudi nje nilikagua kitu ambacho hakuna aliyeniomba nikikague, fimbo ya athi ya kambi ile. Ilisimikwa kwenye udongo wetu huu ambao Februari unakuwa kigae. Nikapima, nikapata karibu omu 60, na hapo mvua ilikuwa imenyesha. Pigeni hesabu: volti 240 kwa omu 60 ni ampia 4. Breka ya ampia 16 itaziona ampia 4 kama wageni wa kawaida tu, haitakata milele, na bati limebeba moto. RCD ingekata bila kusita, kwani hata fimbo ikifika omu elfu moja, miliampia 30 zitakuwa zimepita zamani. Katika ardhi kame kama ya Voi, karani mliyemng'oa kule kwa kinyozi ndiye peke yake aliyekuwa kazini. Nilimwambia mwenye kambi aongeze fimbo ya pili, aisimike kule maji ya bafu yanakomwagika, na aziunganishe kwa waya mnene. Aliongeza.

Na kuna jambo dogo nililolifanya mwisho, ambalo wateja hulichukia kwa sababu linazima taa zao: nilibonyeza kile kitufe cha kujaribia kwenye RCD. Ikakata. Nikairudisha, nikawaonyesha wazee wale wafanye hivyo kila wanapofika kambi mpya. Kitufe kile hakiwaambii kama athi ni nzuri, kinawaambia tu kwamba karani yu hai. Hata hilo ni kubwa.

Heta mpya ya aina ile haikupatikana Voi. Nikazikata nyaya zake zote tatu kutoka kwenye sanduku, kila ncha nikaifunga kwa kiungio chake, nikaandika karatasi nikaibandika juu: HETA IMETOLEWA, USIUNGE. Andikeni. Fundi atakayekuja baada yenu Nairobi au Nanyuki hatawajua, naye ana watoto.

Tukawasha birika. Likanguruma, likachemka, likajizima lenyewe. Mama yule akapiga makofi. Sasa walikuwa na mabirika mawili mazima ndani ya nyumba ya mita tano. Walinilipa, kisha lile la kwanza, lililobadilishwa fyuzi bure na kuhukumiwa bure, wakanipa nije nalo Mraru.

Ndilo hilo mnalolisikia jikoni. Mmoja wenu aende akamimine chai.