Maneno Yajengayo na Maneno Yabomoayo

Katika vijiji vya Kailo, mtu atakaye kujenga nyumba huwaita wenzake. Huyu huleta miti, yule fito na kamba, wengine hukanda udongo. Kazi hiyo huchukua siku nyingi. Lakini kuubomoa ukuta ni kazi ya kitambo kidogo, tena mtu mmoja aweza. Ndivyo ulivyo moyo wa mwanadamu. Kwa sababu hiyo Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakristu wa Efeso, aliufananisha usemi mwema na kazi ya kujenga.

Lakini wengine huuliza: Je, neno likiwa la kweli, laweza kuwa na dhambi? Tutwae mfano. Mtu mzima ajifunza sala, naye hukwama katika Nasadiki. Mwenzake asema mbele ya wote: “Huyu alianza mwaka jana, na hata leo hajui kitu.” Wote wacheka. Juma lifuatalo yule mtu haji tena mafundishoni. Aliyesema hakusema uongo. Hata hivyo amemfungia ndugu yake njia ya Ubatizo. Panga lile lile lifyekalo shamba laweza kukata mguu. Basi haitoshi kuuliza kama neno ni la kweli. Yapasa kuuliza pia limesemwa kwa nia gani, na mbele ya nani.

Tena wako watu ambao, kwa kuogopa kuumiza, husifu kila kitu. Humwambia mlevi kwamba yu mtu mwema, na huku watoto wake walala njaa. Hayo si mapendo. Fundi aonaye mti ulioliwa na mchwa, kisha akaufunika kwa udongo laini, hakujenga nyumba. Ameficha anguko lake. Yezu mwenyewe alifundisha kwamba ndugu aliyekosa aonywe kwanza faraghani. Aonywaye hivyo hubaki na heshima yake, na mwenye heshima aweza kusikiliza. Aaibishwaye mbele ya watu hutafuta kujitetea tu.

Je, mtu aweza kushika ukweli na mapendo pamoja, hata mbele ya adui? Nchi ya Kongo inaye shahidi wa jambo hili: Mwenye Heri Isidore Bakanja. Alikuwa msaidizi wa waashi, akabatizwa mwaka 1906 katika nchi ya Mbandaka. Hakuwa padri, lakini aliwafundisha wafanyakazi wenzake kusali. Mwaka 1909 Mzungu mmoja aliyesimamia kazi alichukia skapulari yake, akaamuru apigwe viboko vikali mno. Vidonda vikaoza, naye akafa mwaka ule ule. Kabla ya kufa alieleza waziwazi aliyempiga ni nani, na kwa sababu gani. Hakuliita ovu kuwa jema. Lakini mapadri walipomjia, alisema kwamba amemsamehe, na kwamba akifika mbinguni atamwombea. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Basi mkatekumeni na ajizoeze tangu sasa. Kabla ya kumwonya mwenzake, ajiulize: Neno hili litamsaidia asimame, au litamtia haya tu? Akiona linafaa, amwendee peke yake. Na yule aliyekwisha kubomoa asidhani kwamba kutubu moyoni kwatosha. Aibu iliyotolewa mbele ya watu huponywa mbele ya watu: awaambie wale waliocheka jambo jema alijualo juu ya mtu yule. Kisha amfuate nyumbani kwake jioni, waketi pamoja, warudie Nasadiki neno kwa neno, mpaka ajue, arudi mafundishoni bila hofu.