MTOTO ASIYEITIKA JINA LAKE



Mtoto ametimiza miaka mitatu, hasemi. Ukimwita hageuki. Hanyooshi kidole kukuonyesha kitu. Kutwa anapanga vifuniko vya chupa mstari mmoja, ukivigusa analia. Je, wazazi wamtafutie munganga aseme mtoto ana nini, au waseme "ni kadari" na wakae?

Hali hii huenda ni otisimu, kwa Kiswahili usonji. Munganga Leo Kanner aliiandika huko Marekani mwaka 1943. Haiambukizi, wala si malipo ya dhambi ya mama. Haionekani katika damu: munganga hupima masikio kwanza, kisha humtazama mtoto na kuwauliza wazazi habari zake tangu kuzaliwa. Dawa ya kuiondoa haipo.

Hapo mtu husema: "Kama haponi, jina hilo la nini? Si aibu tu?" Lakini ndugu yangu, mtoto huyo ana jina tayari. Mtaani wanamwita bubu, mkaidi, wengine mchawi. Unachagua kati ya jina la kweli na jina la uongo. Na kwa jina la uongo mtoto hufungwa, hunyimwa chakula, hufukuzwa nyumbani. Qurani katika Surat al-Hujurat inatukataza dhana mbaya, na sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi.

Mimi mwenyewe nina deni. Katika madrasa yangu alikuwapo kijana aliyehifadhi sura vizuri, lakini nikimwita haitiki. Nilimchapa, nikidhani ni kiburi. Kujua kusingembadilisha yeye. Kungeuzuia mkono wangu.

Na kadari? Tukishikwa na malaria tunakunywa dawa, na kadari iko palepale. Mtume (s.a.w.) alifundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mungu.

Basi mpelekeni kituo cha afya, muulize kama kuna munganga wa kumwona Kindu. Njia ni mbaya na franga ni chache, kwa hiyo majirani tuchangie. Asiyeweza kufika, asimkabidhi mtoto kwa mfumu. Amfundishe polepole: maneno machache, kazi moja moja, saa zilezile kila siku. Na mtu mzima aliyeishi hivi miaka yote akichekwa, naye ana haki hiyohiyo ya kujulikana.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya huruma na ulimi usiohukumu haraka. Amina.