Vidole vya Harry Lime

Karibu na mwisho wa The Third Man, filamu ya Uingereza iliyotoka mwaka 1949, kuna vidole. Mtu aliyepigwa risasi amejikokota hadi kileleni mwa ngazi ya chuma ndani ya mtaro mkuu wa majitaka wa jiji la Vienna, naye anasukuma kifuniko ili atokee barabarani. Kifuniko hakisogei. Ghafla tuko juu, usiku, mtaa mtupu, na kwenye matundu ya kile chuma vidole vinachomoza, vinajikunjua, vinapapasa hewa, vinakosa cha kushika. Mwenye vidole ni Harry Lime, ambaye biashara yake imeua watoto, na bado mtazamaji anavihurumia.

Vidole hivyo si vya Orson Welles, aliyeigiza Harry Lime. Ni vya Carol Reed, mwongozaji wa filamu. Welles hakuwapo, kwa hiyo Reed alishuka mwenyewe akavipenyeza vyake.

Nilipolijua hilo nilijiona nimechezewa, kama mtoto aliyegundua kwamba zimwi la hadithi ni shangazi yake aliyejigubika kanga. Kisha nikairudia filamu nzima nikimtafuta huyo Harry, nimkusanye kiungo kwa kiungo. Kile kivuli kikubwa kinachokimbia kwenye kuta hadi kufikia madirisha ya ghorofani ni cha Guy Hamilton, msaidizi wa mwongozaji, kijana aliyevalishwa koti lililojazwa ili aupate mwili mpana wa Welles. (Ndiye huyo huyo aliyekuja kuongoza Goldfinger mwaka 1964.) Welles mwenyewe alikaa Vienna siku chache tu, akaichukia ile mitaro, ikabidi sehemu yake ijengwe upya katika studio za Shepperton, nje ya London. Hata anapojitokeza kwa mara ya kwanza, filamu ikiwa imeshakwenda saa nzima, kwa kweli hajitokezi. Paka ameketi miguuni pake kwenye mlango wenye giza, jirani wa ghorofani anawasha taa, na mwanga unamwangukia usoni. Mwanga huo ni kazi ya Robert Krasker, mpiga picha aliyezaliwa Misri akakulia Australia, na ndio uliompatia Oscar, ya pekee ambayo filamu hii iliipata.

Kabla ya taa ile, Harry alikuwa maneno ya watu tu. Bawabu wa nyumba ana Harry wake. Meja wa jeshi la Uingereza ana wake, jambazi. Anna, mpenzi wake, ana wake wa kuchekesha chumbani. Na rafiki yake wa tangu shuleni, Holly Martins, mwandishi wa hadithi za kauboi, amekuja kutoka Marekani na Harry wa zamani kichwani, akakuta jeneza linalodaiwa kuwa la Harry. Waliokulia kwenye vibanda vya video watauliza mapema: stelingi ni nani hapa? Kwenye mabango ni Joseph Cotten, yaani Holly, ambaye anakosea karibu kila anachokigusa. Anayekumbukwa ni adui, tena adui wa dakika chache. Wapo hata wanaoamini kwamba filamu yote aliiongoza Welles. Kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali, na huwaacha juani waliokaa chini ya mti.

Haya yangeweza kubaki udaku wa sinema kama lisingekuwapo gurudumu moja kubwa la burudani.

Vienna ya baada ya vita ilikuwa imegawanywa kwa Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Warusi, na katikati ya jiji askari wa mataifa yote manne walipiga doria katika gari moja. Vitu vilipungua, magendo yakastawi. Harry anauza penisilini ya wizi iliyochakachuliwa, na watoto waliodungwa dawa hiyo wanakufa au wanaharibika akili. Filamu haituonyeshi watoto hao hata mara moja. Inatuonyesha nyuso za watu wazima wanaoviinamia vitanda vyao. Baadaye Holly anakutana na rafiki yake kwenye bustani ya Prater, wanapanda lile gurudumu kubwa la tangu mwaka 1897, lenye urefu wa karibu mita 65, na wakiwa juu kabisa Harry anafungua mlango wa kibanda na kuonyesha chini. Watu wanaotembea kule wanaonekana kama nukta. Hoja yake ni nyepesi na inatisha kwa wepesi wake: nukta moja ikikoma kusogea, na wewe ukalipwa kwa hilo fedha nzuri isiyotozwa kodi, utasikitika kweli?

Hoja hii haijibiwi. Holly hana jibu, ananung'unika tu. Wakishuka Harry anaongeza maneno yake mashuhuri kuhusu Italia iliyomwaga damu ikazaa wasanii wakubwa na Uswisi yenye amani iliyozaa saa ya ukutani ya ndege. Hayakuandikwa na Graham Greene, mwandishi wa hadithi. Welles aliyachomeka mwenyewe. Na si kweli, kwani saa zile ni za Msitu Mweusi, Ujerumani. Ila mtu akisema uongo kwa tabasamu kama lile, nani atakwenda kukagua ramani?

Nadhani jibu lipo, ila halikuwekwa kinywani mwa mhusika yeyote. Jibu ni namna Harry mwenyewe alivyotengenezwa. Huyu anayesema nukta hazina thamani ameundwa kwa nukta tupu: vidole vya mmoja, kivuli cha mwingine, maneno ya wawili, mwanga wa mtu wa tano. Sisi tuna msemo kwamba mtu ni watu, na huwa tunautumia misibani na kwenye michango ya harusi, tukimaanisha kwamba hakuna anayejitosheleza. Kwa Harry Lime msemo huo unageuka kuwa maelezo ya kiufundi.

Na nukta zenyewe ziende hadi wapi? Mawe ya mitaa ya Vienna yanang'aa usiku filamu nzima kwa sababu kikosi cha zimamoto kiliyamwagia maji kabla ya kamera kuwashwa. Paul Hörbiger, mwigizaji mkongwe wa Austria aliyeigiza bawabu, hakujua Kiingereza. Alikariri sauti za maneno bila maana yake, na bado woga wake ni wa kweli kuliko wa wengi walioielewa kila sentensi. Jambo hili hunisumbua. Tumezoea kudhani maana inatoka ndani ya msemaji, inapita kinywani, inatufikia. Hörbiger alitoa maneno matupu, na maana ikajengwa kwingine, kati ya uso wake, ukuta uliobomolewa na bomu nyuma yake, na sisi.

Picha nyingi zimepigwa upande upande, milango imelala, watu wanaonekana kama watateleza watoke kwenye fremu. William Wyler, mwongozaji wa Marekani na rafiki yake Reed, alipoiona alimpelekea zawadi ya pima maji, ile ya mafundi ujenzi, ili kamera inayofuata akaisimamishe wima. Mzaha mzuri. Lakini hakuna pima maji ambayo ingeweza kuusawazisha mji ule.

Halafu kuna Anton Karas. Alikuwa mpiga zita wa Vienna asiyejulikana nje ya mji wake, na zita ni ndugu wa ganuni ya taarabu: nyuzi nyingi juu ya ubao uliolazwa. Reed alimsikia, akamchukua hadi London, akamweka nyumbani kwake, akamfanya atunge muziki wa filamu nzima peke yake bila okestra. Mwanzoni kabisa, majina ya watengenezaji yanapopita, hatuoni mji wala mtu, tunaona nyuzi za zita zikitetemeka. Hazina mkono. Mwaka 1950 wimbo wa Harry Lime ulikaa kileleni Marekani kwa majuma kadhaa, na Karas akarudi Vienna akafungua baa yake iliyobeba jina la filamu. Harry, aliyewadharau wote, hana sura kamili bila mtu aliyezoea kupiga muziki watu wakinywa mvinyo.

Nisivutwe nikapitiliza. Ukisema filamu ni kazi ya wengi, ni rahisi kuigeuza shirika la ujima ambamo kila mmoja alipata sehemu yake. Haikuwa hivyo. Alida Valli, aliyeigiza Anna, aliandikwa kwa neno moja tu, Valli, kama malkia, kwa kuwa ndivyo nyota wanavyouzwa. Wale wanaoonekana kutoka juu ya gurudumu, wadogo kama punje za mtama, hawamo kwenye orodha yoyote. Ni watu halisi wa mwaka 1948, waliotoka vitani, na kamera iliwachukua kwa jicho lile lile la Harry. Filamu inayompinga Harry ililazimika kwanza kupanda naye hadi juu na kutazama chini kama yeye. Hilo silioni kuwa doa. Naliona kuwa gharama, na sijui sinema gani imewahi kuikwepa.

Greene na Reed waligombana kuhusu mwisho. Harry amezikwa kwa mara ya pili, safari hii kweli. Greene alitaka Holly na Anna waondoke pamoja makaburini, kwa kuwa aliiona hadithi yenyewe kuwa nyepesi mno kuubeba mwisho wa huzuni. Reed alikataa, na baadaye Greene alikiri kwamba Reed ndiye aliyekuwa sahihi. Kwa hiyo Cotten ameshuka garini, anasubiri kando ya barabara ndefu yenye miti pande mbili. Mbali kabisa kuna nukta. Inatembea. Inakuwa mwanamke, inakuwa koti, inakuwa uso, na kamera haisogei hata kidogo, kana kwamba imeamua kulipa deni la kule juu kwenye gurudumu kwa kumngoja mtu mmoja afike na ukubwa wake wote. Zita inalia, ingawa siku ile haikuwapo. Valli alitembea akisikia viatu vyake tu. Majani yanadondoka. Anampita Cotten bila kumtazama, anatoka kwenye picha. Reed hajasema kata. Cotten, aliyebaki peke yake, anatoa sigara, anaiwasha, anakitupa kijiti cha kiberiti.