Rakaa Mbili Baharini

Mwanzoni mwa mwaka, kampuni za meli za kitalii zinapomwaga ofa, mimi hukata tiketi ya kwenda Norway kutoka Southampton. Chumba cha katikati, sitaha ya chini, maana huko meli haiyumbi sana. Halafu huja swali ambalo wakala hawezi kunijibu: nifupishe sala?

Sisi Mashafii wa Mombasa tunayajua masharti. Umbali upo, tena wa kupita kiasi. Safari isiwe ya maasi. Abu Hanifa hakulitia hata sharti hilo. Ruhusa ninayo, basi. Kinachonikera ni kuipata nikiwa nimeshiba, nimelala mchana, na kitanda nimetandikiwa.

Anayekitandika ni kijana wa Kiindonesia, mwenye mkataba wa miezi kadhaa. Imam Ahmad alisema baharia anayeishi melini pamoja na ahali zake hafupishi, kwa kuwa meli ndiyo nyumba yake. Watoto wa kijana huyu wako Java, hivyo hata kwa kauli hiyo ni msafiri. Naye husali rakaa zote nne. “Mama, nikifupisha naona kwetu kumezidi kuwa mbali,” aliniambia, akabeba mataulo akaenda zake.

Mafakihi husema hukumu imefungwa kwenye safari, si kwenye tabu, kwa sababu tabu haipimiki: mmoja huchoka kwa maili kumi, mwingine hachoki kwa elfu. Hoja hiyo naikubali, na kwa hoja hiyo naendelea kufupisha. Lakini funga ya Ramadhani siiachi melini. Kwa chakula kile, kisingizio sina.