Butura ya Dhamiri

Mafungu ya kusoma: 1 Samweli 13:19-22, Isaya 54:16, 17, Luka 3:10-14, Matendo 19:23-27, Waefeso 4:28, Yakobo 2:15, 16.

Katika siku za Mfalme Sauli hapakuwa na mhunzi hata mmoja katika nchi ya Israeli. Wafilisti walihakikisha hivyo, ili Waebrania wasijitengenezee panga wala mikuki. Mkulima aliyetaka kunoa jembe au shoka lake alilazimika kushuka kwa Wafilisti na kulipa. Kisa hiki kifupi kinaonyesha jambo la zamani sana: silaha ni biashara, nayo ina wenyewe. Mkono ulionoa jembe la Mwebrania ndio uleule uliofua mkuki wa kumchoma.

Watu wa Kagera hawahitaji kufundishwa habari za wahunzi. Katika mkoa huu chuma kiliyeyushwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na huko Bweranyange, Mfalme Rumanyika wa Karagwe alitunza vitu vya chuma vilivyowashangaza wageni wa Ulaya, wakiwemo ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa ustadi. Mhunzi wa zamani alimjua kwa sura na kwa ukoo mtu aliyekuja kuchukua mkuki. Habari ya mkuki ule ikirudi kijijini, ilirudi pamoja na jina lake yeye aliyeufua.

Leo mhunzi ni kampuni. Lockheed Martin ya Marekani, iliyo kubwa kuliko zote katika biashara hii, ina wafanyakazi zaidi ya 100,000. Wengi wao hawashiki bunduki. Wanachora michoro, wanaandika programu za kompyuta, wanakagua skrubu, wanahesabu mishahara, wanafagia sakafu. Mshahara unafika kwa wakati, na bima ya matibabu inamhudumia mke na watoto. Hakuna anayeweza kusema, "Nimetengeneza kombora," kwa maana kila mmoja ametengeneza kipande tu. Mahali kama hapo dhamiri haipigwi. Inabembelezwa mpaka inalala.

Mtu wa Kayanga au Nkwenda anaweza kudhani kwamba mambo hayo yako mbali naye. Hayako mbali. Bati la Kyerwa lilichimbwa tangu enzi za Mwingereza. Mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Malaya, Uingereza ilipoteza chanzo chake kikubwa cha bati, na kila tani kutoka makoloni mengine ikawa na thamani kubwa kwa ajili ya vita. Mchimbaji aliyeosha mchanga mtoni hakuiona vita hiyo. Alichokiona ni ujira wa siku. Hata leo bati ndilo linalounganisha nyaya na vipande ndani ya redio, simu, na vilevile ndani ya makombora. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria inayozitaka kampuni zilizo katika masoko yake ya hisa zieleze kama bati lao na madini mengine matatu yanatoka Kongo au katika nchi zinazopakana nayo, Tanzania ikiwa mojawapo. Swali lililokuwa halimfikii mtu yeyote likafika hadi kwenye shimo la mchimbaji mdogo wa Kyerwa: jiwe hili limetoka wapi, na limemnufaisha nani?

Tena kuna walioifuata vita kwa miguu yao wenyewe. Ng'ambo ya mto kutoka Murongo ni Kikagati, Uganda. Lugha ya Wanyambo na ya Wanyankole zinasikilizana, na ndugu wako pande zote mbili. Kuanzia miaka ya 2005 hivi, maelfu ya Waganda waliajiriwa na makampuni binafsi ya ulinzi yaliyopewa zabuni na serikali ya Marekani nchini Iraki. Kazi ya wengi haikuwa kupigana. Walisimama langoni, walikaa minarani, walikagua vitambulisho kwenye mlango wa bwalo la chakula, mara nyingi kwa zamu ya saa 12. Mwanzoni mshahara ulikuwa karibu dola 1,000 kwa mwezi, fedha ambayo kijijini ingejenga nyumba na kusomesha wadogo. Kisha makampuni yakashindania zabuni kwa kupunguza bei, na aliyepunguziwa hasa ni mlinzi. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1941 inayotaka wafanyakazi wa namna hiyo wakatiwe bima wanapokuwa nje ya nchi, hata wasio Wamarekani. Hata hivyo wako waliorudi na majeraha bila kujua kwamba wana haki hiyo.

Je, ni dhambi kufanya kazi hiyo? Wako wanaotaka jibu la neno moja. Historia ya Kagera yenyewe inakataa jibu la neno moja. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakashika nchi ya kaskazini mwa Mto Kagera na kulibomoa daraja la Kyaka. Waliokimbia waliweza kurudi nyumbani kwa sababu jeshi la Tanzania lilikuwa na mizinga, na mizinga hiyo ilitengenezwa na mikono ya wafanyakazi katika nchi za mbali. Mtu wa Kagera akisema kwamba kila anayetengeneza silaha ni mwuaji, atakuwa amesahau jinsi alivyorudishiwa shamba lake. Lakini kuna upande wa pili. Silaha za Kisovieti zilikuwa mikononi mwa pande zote mbili. Aliyevamia na aliyejitetea walinolewa na mhunzi mmoja. Mfanyakazi wa kiwanda kile, kama hakuwahi kuuliza, hakujua kama kazi yake ilibomoa Kyaka au iliikomboa.

Soma Luka 3:10-14. Askari walimwendea Yohana Mbatizaji na kumwuliza wafanye nini. Yohana hakuwaambia watupe silaha palepale. Wala hakuwaambia kwamba kazi yao haina shida. Aliwakataza kumdhulumu mtu na kumshitaki mtu kwa uongo, akawaambia watosheke na mshahara wao. Linaonekana kuwa agizo dogo, lakini fikiri maana yake kambini. Askari aliyelitii aliendelea kupokea mshahara uleule, ila tangu siku hiyo zilikuwapo amri ambazo asingeweza kuzitii. Alikuwa amejiwekea kitu kimoja ambacho mkubwa wake hakukinunua.

Hapo ndipo penye kiini cha somo hili. Wakulima wa kahawa wa Karagwe na Kyerwa wanaijua butura. Ada ya shule inadaiwa, kahawa ingali maua, na mtu anamwuzia mlanguzi mavuno ambayo hayajaiva, kwa bei ya kutupa. Serikali imeikataza, lakini shida haisikii katazo. Uchungu wa butura hauko katika fedha pekee. Mwenye shamba anapalilia, anachuma na kuanika kahawa isiyo yake tena, na bei inapopanda hana la kusema. Aliiuza sauti yake pamoja na kahawa.

Kazi ya vita inaweza kuwa butura ya dhamiri. Anayesaini mkataba anauza leo maamuzi ya kesho, kabla hajayajua. Amri isiyofaa itakapokuja, atakuta kwamba jibu lake lilikwisha kuuzwa: kwa ada ya watoto, kwa mkopo wa nyumba, kwa heshima ambayo kijiji kimempa kwa sababu ya mshahara. Demetrio wa Efeso hakuanza hoja yake kwa kutetea mungu wake wa kike. Alianza kwa kuwakumbusha mafundi wenzake kwamba utajiri wao unatokana na kazi ile. Mungu wa kike alifuata baadaye. Ndivyo moyo unavyofanya kazi: tumbo hutoa uamuzi, kisha akili hutafuta sababu.

Vijana wa Kiadventista wanaotafuta kazi huuliza kwanza, "Nitapewa Sabato yangu?" Ni swali jema, na aliyeliacha amepoteza jambo kubwa. Lakini katika amri kumi, ile ya nne haisimami peke yake. Mtu anaweza kupewa ruhusa kila Sabato na bado hajajibu lolote kuhusu amri ya sita. Desmond Doss alikwenda Okinawa mwaka 1945 akiwa mhudumu wa tiba asiye na bunduki, akawaokoa majeruhi wapatao 75. Hakuyatafuta majibu yake chini ya risasi. Alikuwa ameyasema waziwazi tangu mafunzoni, mbele ya wenzake waliomcheka, kwamba lipi atafanya na lipi hatafanya. Kanisa tangu zamani limewashauri washiriki wake wasishike silaha, huku likimwachia kila mmoja uamuzi wa dhamiri yake mbele za Mungu. Kuachiwa uamuzi si sawa na kusamehewa kuamua.

Kwa hiyo anayeitwa kwenye kazi ya namna hii, iwe lindo la ng'ambo, iwe kiwanda, iwe ofisi yenye kiyoyozi, aulize mapema kazi ya mikono yake inaishia wapi na kwa nani. Ausome mkataba wote, pamoja na habari ya bima, na asiyejua lugha yake amtafute wa kumsomea. Ataje mbele ya mtu anayemwamini, mkewe, mumewe au mzee wa kanisa, amri ambazo hatazitii. Kisha aishi chini ya mshahara wake, asije akafungwa na madeni mpaka kuacha kazi kukawa jambo lisilowezekana. Asiyeweza kuondoka hawezi kukataa.

Kanisa nalo lina sehemu yake. Ni rahisi kumwambia kijana wa Kyerwa asivuke kwenda kulinda vita ya watu wengine, halafu kuufunga mkutano kwa wimbo na kumwacha na ada ya wadogo zake. Yakobo alikwisha kusema juu ya anayemtakia ndugu yake heri ya kushiba bila kumpa chakula. Paulo anataka mtu afanye kazi iliyo njema kwa mikono yake, apate cha kumgawia mhitaji. Mahali ambapo waumini wanakopeshana kwa haki wakati kahawa ingali maua, mlanguzi wa butura hupata wateja wachache. Wakala wa ajira za vita naye atapata wachache.

Isaya anasema kwamba hata mhunzi avutaye makaa ni kiumbe cha Bwana, na kwamba silaha haina neno la mwisho juu ya watumishi wake. Mhunzi huyo hajasahauliwa, naye pia ataulizwa habari ya kazi yake. Heri aanze kuulizwa sasa, angali anaweza kubadili jibu.

Maswali ya kujadili

1. Kazi unayoifanya sasa inaishia mikononi mwa nani? Kama hujui, ungeanzia wapi kuuliza?

2. Linganisha askari wa Luka 3 na Demetrio wa Matendo 19. Wote walikuwa na mshahara wa kulinda. Tofauti yao ilikuwa nini?

3. Darasa lenu linaweza kufanya nini mwaka huu ili familia moja isilazimike kuuza kahawa yake, au kijana wake, kabla ya wakati?